Mazungumzo ya 17: Nia Anayo, Njia Je? Nguvu za Moyo za Kijana Aliye Chuoni

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko shambani au kwenye kibanda chako cha biashara, sogeza redio karibu. Wiki iliyopita tulizungumza juu ya mtoto mchanga anayekataa kunyonya. Leo tunamgeukia yule mkubwa, yule aliyekupita kwa kimo, ambaye watu wengi hudhani hahitaji tena kuangaliwa. Namaanisha kijana wako aliye chuoni. Sisemi chuo kikuu. Nasema chuo cha ufundi, politekniki ya kijiji, kile chuo kilicho karibu na nyumbani ambako anakwenda asubuhi na kurudi jioni, au amepanga chumba kimoja na wenzake watatu na kupika kwa zamu.

Nimepokea barua ya mama mmoja. Jina lake na mji wake sitavitaja. Anasema hivi: "Mwanangu wa kiume ana miaka 20. Anasomea umeme, yuko mwaka wa pili. Matokeo yalipotoka aliambiwa arudie karatasi mbili. Tangu siku hiyo hasemi. Likizo hii analala mpaka saa sita mchana. Nikimwuliza, ananijibu, niko sawa. Huyu ni mtoto mwenye nguvu, hata babake alipofariki hakulia. Sasa naomba kujua, mtoto wangu ni mvivu au ni mgonjwa?"

Barua hiyo nimeisoma mara tatu. Swali la mama ni zuri na nitalirudia kabla hatujaagana. Lakini kuna neno moja lililonishika kuliko swali lenyewe. Ni hilo neno "nguvu".

Katika nyumba zetu nyingi, mtoto mwenye nguvu ni yule asiyelia, asiyeomba, asiyesumbua. Ukikosa karo, yeye hasemi kitu. Ukimpa nauli nusu, atatembea nusu ya njia. Mtoto wa namna hiyo humpa mzazi pumziko, na mzazi mwenye shida nyingi humshukuru Mungu kwa ajili yake. Sisi tunaofanya kazi ya afya tunapotaja nguvu za moyo tunamaanisha kitu kingine. Tunamaanisha uwezo wa kijana kujiwekea shabaha, kutafuta namna ya kuifikia, kuanguka na kujaribu tena, kupenda watu na kupendwa, na pia kusema "nimekwama, nisaidieni". Kijana asiyelia babake anapofariki anaweza kuwa na nguvu hizo zote. Anaweza pia kuwa hana hata moja iliyobaki. Kwa kumtazama tu usoni huwezi kujua, mama.

Kwanza tuone kijana huyu anaingia chuoni na mzigo gani. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024, watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata alama ya C+ kwenda juu, ambayo ndiyo kiwango cha chini cha kusomea shahada chuo kikuu, walikuwa 246,391. Hiyo ni kama mmoja katika kila wanne. Watatu waliobaki ndio wengi, lakini siku matokeo yanapotangazwa, magazeti na televisheni huonyesha yule mmoja akibebwa juu kwa juu kwa nyimbo na vigelegele. Wale watatu hujifungia ndani. Miezi michache baadaye wanaingia chuo cha ufundi wakiwa bado hawajatoka katika siku ile.

Nasi wazazi tunawasaidia wabaki huko. Mgeni akija na kuuliza, "Huyu anasoma wapi?" tunajibu kwa sauti ya chini, "Yuko hapo tu, politekniki." Hilo "hapo tu" kijana analisikia. Mimi mwenyewe nimekosa. Binti yangu alipokuwa akisomea ushonaji, nilimwambia siku moja kwa hasira kwamba mtoto wa jirani, waliyeanza shule pamoja, yuko chuo kikuu. Hakunijibu. Lakini kwa majuma mawili hakunionyesha nguo yoyote aliyoshona, na zamani alikuwa akinionyesha hata mshono wa mfuko. Nilifikiri amepata adabu.

Ningependa wazazi wakumbuke vyuo hivi vilitoka wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wananchi katika sehemu nyingi za Kenya walichanga pesa zao wenyewe kujenga vyuo vya ufundi, ndiyo maana viliitwa vyuo vya harambee. Hivyo ndivyo vilivyozaliwa vyuo kama Ramogi kule Kisumu, kile cha Kiambu, kile cha Murang'a na kile cha Kimathi kule Nyeri. Viwili vya mwisho leo ni vyuo vikuu. Waliochanga hawakuwa wakijenga mahali pa kutupa watoto walioshindwa. Walitaka mtoto aliyemaliza shule apate kazi ya mikono yake bila kwenda mbali. Pengine mamako au nyanyako alitoa shilingi zake huko. Mweleze mwanao hadithi hiyo kama unaijua. Itamfaa kuliko kumwambia ajikaze.

Sasa nije kwenye jambo la leo. Sisi sote tunaijua methali isemayo penye nia pana njia. Nimeisikia tangu nikiwa mtoto, na nimeisema kwa wanangu mara nyingi, hasa nilipokuwa sina la kusema. Kulikuwa na profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, jina lake Charles Snyder, aliyefariki mwaka 2006. Kwa miaka mingi alichunguza matumaini. Alisema matumaini ya kweli yana sehemu mbili. Ya kwanza ni nia, ile nguvu ya ndani inayosema, nataka na ninaweza. Ya pili ni njia, yaani kijana aone walau barabara moja ya kumfikisha, na hiyo ikizibwa aweze kuwaza nyingine. Mtu mwenye nia bila njia huchoka na kuvunjika. Mwenye njia bila nia hukaa tu akizitazama.

Sikiliza vizuri hapo. Methali yetu inatuahidi kwamba njia itakuwapo mradi nia ipo. Snyder anatuambia njia hutafutwa, na kutafuta njia ni ujuzi unaofundishwa, kama vile kijana anavyofundishwa kuunganisha waya. Mwaka 2002 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanafunzi wa chuo kwa miaka sita. Wale walioingia mwaka wa kwanza wakiwa na matumaini ya aina hiyo walipata alama nzuri zaidi, na wengi zaidi wao walihitimu. Na hii haikuwa kwa sababu tu walikuja na alama nzuri, kwani watafiti walizihesabu pia alama walizoingia nazo, na bado matumaini yalionekana kuwa na kazi yake.

Kwa hivyo mama, unapomwambia kijana wako "soma kwa bidii", umemtilia nia. Nia anayo tayari, na huenda ndiyo inayomuumiza. Swali la kujiuliza ni, njia je?

Usidhani jambo hili lahitaji daktari aliyesoma ng'ambo. Huko Harare, Zimbabwe, daktari wa akili aitwaye Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na nyanya 14. Waliwekewa mabenchi ya mbao nje ya zahanati. Mtu mwenye mawazo mengi, Washona huuita ugonjwa huo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, huketi na nyanya kwenye benchi. Nyanya humsikiliza, kisha pamoja wanayataja matatizo yake yote, wanachagua moja, na kulitafutia hatua moja ndogo inayowezekana. Akija tena wanaona hatua ile ilifika wapi. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 24 na watu 573. Baada ya miezi sita, wale waliokaa kwenye benchi na wahudumu hao walikuwa na huzuni na wasiwasi mdogo kuliko wale waliopata huduma ya kawaida. Wahudumu hao si madaktari, ni wanawake wa mtaani waliofundishwa. Una benchi nyumbani kwako? Hata kigoda kinatosha, na hata jiwe la kufulia.

Acha nikuonyeshe mazungumzo yanavyoweza kwenda. Tuchukue mama aliyeniandikia. Tuseme ni jioni, wanachambua mboga, hakuna mgeni, na redio imezimwa (leo nakuruhusu uizime, lakini baada ya kipindi).

Mama: Baba, hizo karatasi mbili ni zipi?

Kijana: Hesabu. Na ile ya mashine za umeme.

Mama: Ipi iliyokushinda zaidi?

Kijana: Hesabu. Ile nyingine naijua, ila sikufanya mazoezi. Tulitolewa darasani wiki tatu.

Mama: Wiki tatu? Kwa sababu gani?

Kijana: Karo.

Mama: Hukuniambia.

Kijana: Ningekuambia ufanye nini, mama? Ulikuwa umeshauza mbuzi.

Simama hapo kwanza. Mama huyu kwa miezi mingi amekuwa akiwaza kwamba ana mtoto mvivu. Kumbe ana mtoto aliyekaa nje ya karakana wiki tatu akificha, ili mamake asiuze mbuzi wa pili. Hiyo ni nguvu, tena kubwa, ila ameitumia peke yake mpaka ikamwishia. Mama akisikia hivyo atataka kulia, au atataka kugomba kwamba angejua angekopa kwenye chama. Akigomba, mlango utafungwa, na hautafunguliwa tena likizo hii. Anaweza kusema, "Pole, mwanangu. Ulibeba kitu kizito." Anyamaze kidogo. Aendelee na mboga. Kisha:

Mama: Tuache hiyo ya mashine kwanza, maana unaijua. Hesabu, nani anaiweza?

Kijana: Kuna jamaa tuko naye darasa moja.

Mama: Umempigia?

Kijana: Naona haya. Yeye alipita.

Mama: Ungekuwa wewe umepita, yeye akakupigia, ungemcheka?

Kijana: Hapana.

Mama: Basi kesho utamwandikia ujumbe. Utasemaje?

Mama hakusema "Mungu atasaidia" akaondoka. Hakusema pia "nitakuja huko chuoni nionane na mwalimu mkuu", maana hapo angemnyang'anya kijana njia yake. Amemwuliza mpaka kijana mwenyewe ametoa jina la mtu. Na hakukimbilia karatasi zote mbili mara moja. Jambo la mwisho, wameshukia kwenye maneno hasa ya ujumbe wa kesho. Njia ikiwa ndogo namna hiyo, mtu aliyechoka anaweza kuikanyaga. Na kama jamaa yule hatajibu, mama aulize, "Sasa nani mwingine?" Barabara ya pili ni muhimu kama ya kwanza.

Kuhusu karo, nitasema kwa ufupi kwa sababu hicho ni kipindi kizima. Nenda ofisi ya fedha ya chuo mapema, kabla wanafunzi hawajaanza kutolewa, ukaombe kulipa kidogo kidogo, na uandikiwe. Uliza habari za mkopo wa HELB, kwani wanafunzi wa vyuo vya ufundi vya serikali nao huruhusiwa kuomba. Uliza pia ofisi ya wadi yako kuhusu basari. Na mwanao ajue ukweli wa pesa za nyumbani. Kijana asiyejua hubuni, na anachobuni mara nyingi ni kibaya kuliko hali yenyewe.

Kuna nguvu nyingine ambazo hazihusu masomo moja kwa moja. Mwaka 2004 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Christopher Peterson na Martin Seligman, walitoa kitabu kikubwa walichoorodhesha ndani yake sifa njema 24 za watu: ujasiri, ukweli, wema, haki, kiasi, udadisi, msamaha, ucheshi, shukrani na nyinginezo. Sitazitaja zote, tutakesha. Jambo la kushika ni kwamba kila mtu ana chache zilizo zake hasa, na mtu akipata nafasi ya kuzitumia, moyo wake huchangamka. Sasa wewe uliyemlea unazijua za mwanao kuliko chuo chote. Ni nani anayetengeneza redio za majirani bila kuitisha pesa? Ni nani nyanya humwita akitaka kukatwa kucha, kwa sababu wengine hawana subira? Hizo ni nguvu. Zitaje, tena kwa tendo lenyewe. Ukisema "wewe ni mtoto mzuri" hajui ufanye nini nalo. Ukisema "nimeona jana ulivyomwelekeza mdogo wako ile hesabu mara tatu bila kukasirika", hilo atalala nalo.

Hapa kwetu Kenya pia kuna kazi iliyofanywa na vijana wenyewe. Shirika la Shamiri, lililoanzishwa na Mkenya Tom Osborn, lilipeleka katika shule za sekondari mafunzo ya wiki nne, saa moja kila wiki. Waliyoyaongoza ni vijana waliotoka shule juzi tu. Mada ni tatu: kwamba uwezo wa mtu unaweza kukua, kushukuru, na kuyajua mambo unayoyathamini na kuyafuata. Utafiti wao wa wanafunzi 413 ulichapishwa mwaka 2021. Waliopata mafunzo hayo walipungukiwa na dalili za huzuni na wasiwasi kuliko wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma tu. Ninakipenda hasa kile cha kwanza. Mtoto aliyepata D huamini kwamba D ni jina lake. Akijua kwamba ubongo hukua kwa kutumiwa, na kwamba kosa la leo linaonyesha pa kufanyia kazi, anaweza kurudi kwenye ile karatasi. Lakini tusidanganyane. Kumwambia mtoto akili hukua huku amekaa nje kwa ajili ya karo ni kumdhihaki. Ndiyo maana nilianza na njia.

Wapo pia wasichana. Msichana aliyezaa akiwa shule na sasa amerudi kusomea upishi au ususi, mtoto ameachwa kwa nyanya. Najua nyanya wengi mnanisikiliza, na mtoto huyo yuko mgongoni mwako sasa hivi. Wewe ndiye njia ya binti huyo. Bila mgongo wako hakuna chuo. Ninakuomba jambo moja tu, na ni gumu: usimtajie kila siku. Akirudi jioni ukimpokea kwa maneno "kama usingezaa ungekuwa mbali", ataanza kuchelewa kurudi, na mtoto naye atalipia. Nawe pia unachoka. Mwambie umechoka, kwa maneno hayohayo, na mpange siku ambazo yeye atamshika mtoto ili wewe upumzike au uende kwenye mkutano wa akina mama.

Sasa, ni lini mambo haya ya nguvu na njia hayatoshi? Shirika la Afya Duniani lina maswali matano mafupi ambayo mtu hujijibu mwenyewe kuhusu wiki mbili zilizopita. Yanauliza kama amekuwa mchangamfu, kama ametulia, kama amekuwa na nguvu za kufanya mambo, kama ameamka akihisi amepumzika, na kama siku zake zimekuwa na mambo yanayompendeza. Unaweza kumwuliza mwanao hayo kwa lugha yenu, katika mazungumzo, bila karatasi. Akisema kwa mengi kati ya hayo ni mara chache au hakuna kabisa, usingoje.

Unyogovu, ambao wengine huuita sonona, ni ugonjwa. Huonekana mtu akiwa na huzuni au akipoteza hamu ya vitu alivyovipenda, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Usingizi hupotea au huzidi. Chakula hakimwingii, au anakula bila kipimo. Hukosa nguvu, hujilaumu, hawezi kufikiri sawasawa. Wavulana wengine hawaonyeshi huzuni, huonyesha hasira, pombe au bangi. Ukiona hayo mpeleke kituo cha afya, na ukiambiwa hapo hakuna mtaalamu, uliza upelekwe hospitali ya kaunti kwenye kitengo cha afya ya akili. Ugonjwa huu hutibiwa, kwa mazungumzo na mtaalamu, na kwa wengine kwa dawa pia. Maombi yasimamishe dawa? Hapana. Omba, na dawa anywe.

Na kama anasema maneno kama "mtapumzika nikiondoka", au anagawa vitu vyake, au ametulia ghafla baada ya huzuni ya muda mrefu, mwulize waziwazi: "Mwanangu, unafikiria kujiua?" Najua mdomo unakuwa mzito. Wengi huogopa kwamba kuuliza kutampa wazo hilo. Hakumpi. Humfungulia mlango wa kusema. Akikubali, usimwache peke yake. Dawa ya kupe, dawa ya panya, dawa ya kuhifadhi mahindi na vidonge vya wazee vifungiwe au vitolewe kabisa nyumbani siku hiyohiyo, kabla ya kulala. Kisha mwende hospitali. Unaweza pia kupiga simu ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu, nambari 1199, na kuzungumza na mshauri.

Zamani wazazi wengine walimficha mtoto aliyejaribu kujitoa uhai, kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilisema jaribio hilo ni kosa. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kwa hivyo hofu hiyo isikuchelewesha. Mpeleke hospitali.

Nimrudie mama wa barua. Mama, umeuliza mwanao ni mvivu au ni mgonjwa. Kwa barua siwezi kukujibu, na mtu yeyote atakayekujibu kwa barua usimwamini. Ninaloweza kusema ni kwamba uvivu ndilo jibu nililoliona mara chache zaidi katika kazi yangu. Kulala mpaka saa sita kunaweza kuwa simu usiku kucha, kunaweza kuwa aibu ya kukutana na majirani, na kunaweza kuwa ugonjwa. Umeandika "likizo hii", nami nakisia zimepita zaidi ya wiki mbili. Kwa hivyo usingoje likizo iishe. Leo jioni kaa naye kwenye mboga. Usianze na usingizi wake, wala usianze na matokeo. Pengine anza na babake. Umesema hakulia. Je, wewe ulilia mbele yake? Kuna vijana ambao hawakulia kwa sababu waliona mama yao anahitaji mtu mmoja nyumbani asiyelia. Mwambie unamkumbuka babake, kisha umpe nafasi. Akinyamaza leo, kesho kaa tena. Ukiona zile dalili nilizozitaja, mwende wote wawili kituo cha afya wiki hii, umwambie ni kama vile ulivyompeleka alipokuwa na malaria.

Na zile karatasi mbili zitarudiwa. Uliza naye chuoni tarehe ya mwisho ya kujiandikisha, kwa maana hiyo tarehe hupita watu wakiwa wamelala.

Niandikie tena, mama, unieleze mlifikia wapi. Nanyi wengine mlio na kijana chuoni, andikeni kupitia anwani ileile ya kituo, au mwachieni mhudumu wa afya wa kijiji barua zenu atuletee. Wiki ijayo, saa kama hii, nitakuwa na mkunga hapa studioni, tutazungumza juu ya kuvimba miguu wakati wa ujauzito. Sasa waweza kuizima redio. Kwaheri.